Ukurasa wa Pili wa Barua ya Nesi

9 Februari

Mdogo wangu Futi,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Mimi mzima, shemeji yako mzima, watoto wazima. Mkubwa ameanza kuvaa viatu vya baba yake na mdogo bado hali mpaka abembelezwe. Kazini feni ya chumba cha sindano imekufa, na fundi umeme anatuahidi "kesho" wiki ya tatu sasa. Msalimie wifi. Mwambie vile vitambaa vya meza nimevitandika sebuleni na kila mgeni anaviulizia.

Haya, sasa lililonikalisha hapa. Najiona kituko, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, kuandika kwa kalamu na kupeleka bahasha kwenye ofisi ya basi wakati simu iko mfukoni. Lakini Mama ameamua. Uliponikatia simu mara ya tatu alisema tunabweka, na kwamba hataki tena kusikia habari ya chanjo mpaka mimi na wewe tuongee kama watu, kwenye karatasi, nawe umsomee. "Mkikubaliana nitakwenda. Msipokubaliana msinisumbue." Basi nimekaa, naandika.

Mama ana miaka sabini na mbili. Ana sukari, na kifua chake unakijua. Dozi yake ya mwisho ina karibu miaka miwili. Kirusi kimebadilika, kinazunguka tena, na nataka apate dozi ya nyongeza kabla hakijafika mtaani kwenu. Sitaki kingine kwako. Umshike mkono umpeleke kituo cha afya, mwendo wa dakika kumi.

Wewe unasema chanjo haifanyi kazi tena. Sitakudanganya, Futi, maana ukinikamata na uongo mmoja utanitupia mpaka nizeeke. Ni kweli, chanjo hii haizuii tena watu kuambukizwa kama ilivyozuia mwanzoni. Aina mpya za kirusi zinaikwepa. Nimewaona kwa macho yangu watu waliochanjwa wakaugua.

Karatasi imekwisha, nahamia ya pili.

Lakini nisikilize vizuri. Kuugua ni jambo moja, kulazwa na kutiwa mpira wa oksijeni puani ni jambo jingine. Wazee wanaoletwa hapa wakiwa hawawezi hata kutaja majina yao kwa kukosa pumzi, wengi ni wale ambao hawakuchanjwa au dozi yao ilishapitwa na wakati. Waliopata nyongeza, wengi huugua wakapona nyumbani. Sisemi wote. Nasema wengi, na kwa Mama mimi nautaka huo "wengi".

Nijibu upesi, na usijitie hamnazo.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo, tena shikamoo mara mbili usije ukasema sina adabu. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema kama wageni wanavipenda vitambaa waje wanunue. Mama hajambo ila nyayo zinamwaka moto na anagombana na redio kutwa. Barua yako nilimsomea siku ile ile ilipofika. Alisikiliza, akasema, "Mwanangu anaandika vizuri," akaomba maji.

Kazi ipo. Shule imebadilisha rangi ya sare, kwa hiyo nalala na sketi, naamka na sketi. Mwalimu wetu naye ameniletea kitambaa cha suti, kijivu kizuri, mjukuu wake anaoa. Bado anakuita Hesabu. Anamwambia kila mteja hapa kwamba mimi na wewe alitufundisha kusoma yeye, na kwamba wewe ulikuwa unaelewa na mimi nilikuwa nachora kwenye daftari. Vipimo vyake nilikuwa navyo, vya miaka mitano iliyopita. Nikampima upya. Amepungua mno kiunoni, suruali ya kipimo cha zamani ingemvuka mbele ya bibi harusi.

Na hapo ndipo nilipo, Dada. Mteja akija baada ya miaka miwili sikati kitambaa kwa kipimo cha zamani. Kirusi hiki nyinyi wenyewe mnasema kimebadilika, kimenenepa huku, kimeota bega kule, halafu mnakishonea kwa kipimo cha siku ya kwanza. Mimi ningefanya hivyo ningerudishiwa nguo usoni. Waambie wakubwa zako wapime upya, washone upya, na siku hiyo Mama nitambeba mgongoni.

Tena si mimi peke yangu. Hapa dukani wote wanauliza hivyo hivyo. Tuliambiwa sindano mbili zinatosha. Ikaja ya tatu. Sasa nyongeza, na kesho nyongeza ya nyongeza. Ukiuliza kwa nini, unatazamwa kama mtu aliyetoka shimoni. Wewe angalau umesema kweli bila kuzunguka, na kwa hilo nakuheshimu. Barua yako watu wameipenda sana.

Mdogo wako,
Futi


30 Machi

Futi,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Sote wazima. Feni imetengenezwa.

Mfano wako wa kipimo umenikera siku nyingi, na umenikera kwa sababu ni mzuri. Ila umekosea mvaaji. Chanjo haivaliwi na kirusi, inavaliwa na Mama. Ni koti lake la mvua. Mvua ikibadilisha upande, koti la zamani litavuja begani na atalowa. Lakini humvui mzee koti katikati ya mvua eti unasubiri fundi amalize jipya. Na nyongeza inayotolewa sasa si ile ile ya siku ya kwanza, imerekebishwa. Haijawa kamili, kwa sababu kirusi kinabadilika upesi kuliko wanaokifukuza. Wewe mwenyewe sare za Januari huzimaliza Machi.

Kuhusu kuambiwa mbili, kisha tatu, kisha nyongeza, hapo nakubaliana nawe. Tulisema kwa sauti kubwa mambo ambayo tulikuwa bado tunajifunza. Mimi mwenyewe nilisema, kwenye benchi la wagonjwa, kwa kipaza sauti. Sasa wananikumbusha.

Umesema barua yangu watu wameipenda. Watu gani? Nilikuandikia wewe na Mama. Na hujaniambia Mama alisema nini kuhusu ukurasa wa pili.

Mwalimu naye umwambie aende. Ni mzee kuliko Mama.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi tupo. Mashine yangu ya oveloki, ya kufunga pindo, imevunjika gia, nimeazima ya jirani, inakula uzi kuliko kitambaa. Mama anakohoa kidogo, nadhani ni vumbi.

Nilikaa nikingoja uniambie mwenyewe. Basi wiki iliyopita binamu yetu wa huko kwenu akapita hapa, kabla hata hajakaa akauliza, "Dada yako amepata nafuu?" Nikabaki nimekodoa macho na pini mdomoni. Kumbe zaidi ya nusu ya Machi ulikuwa kitandani! Siku kumi na saba! Wewe mwenye dozi nne, unayezihesabia watu kama zawadi. "Kazi zilinizidi." Ndugu yangu wa tumbo moja ananidanganya kwa maandishi, kisha ananiuliza wateja wangu ni watu gani.

Nimekasirika, Dada. Ungekufa ningepata habari kwa nani? Kwa binamu, akiwa ananunua zipu?

Sasa niambie nimwambie nini Mama. Nesi aliyechomwa mpaka mkono ukaota sugu amelala siku kumi na saba, halafu mimi nimtoe mzee wa watu nyumbani nikamchomeshe dawa ile ile. Nipe sababu moja ambayo haijalala kitandani na wewe.

Umeuliza habari za Mwalimu. Suti yake ilikwisha na imeshachukuliwa. Ilimkaa vizuri.

Futi


2 Mei

Futi,

Leo sikuulizi hali.

Jumanne asubuhi aliingia chumba cha sindano mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ana pumu. Nilikuwa nimembembeleza wiki mbili aje. Alivua kofia, akakaa, nikaanza kumpangusa mkono kwa pamba. Akasema, "Ngoja kwanza, nesi. Soma hii." Akanionyesha simu. Ni picha aliyotumiwa na wenzake. Ukuta wa duka la fundi nguo, pasi ya mkaa kwenye meza, picha za mitindo ya kola, na katikati kipande cha karatasi kimekatwa kwa mkasi, pembe zimenyooka kabisa. Juu yake, kwa chaki: NESI MWENYEWE ANASEMA.

Niliutambua mwandiko kabla ya kuyatambua maneno.

Nikamwambia, "Mzee, nesi huyo ni mimi. Hicho ni kipande tu, barua inaendelea." Akacheka. Akanipigapiga kiganja kama mtoto. "Kila nesi angesema hivyo, mwanangu." Akavaa kofia akaondoka, na mimi nimebaki na pamba mkononi.

Umenikata, Futi. Umechukua mistari mitatu niliyokuandikia kwa kukuheshimu, kwa sababu sikutaka kukudanganya, ukaitengenezea bango. Hiyo ndiyo shukrani ya kuambiwa kweli? Nikiwaambia watu kwamba chanjo ni kinga kamili, mimi mwongo. Nikiwaambia kweli, mnachukua nusu mnakimbia nayo. Nifanye nini? Niongee lugha gani?

Ndiyo, niliugua. Niliugua vibaya, nikawa natambaa kwenda msalani. Sikulazwa, sikutiwa oksijeni. Nilikuficha kwa sababu nilijua utafanya hiki hiki ulichofanya, kumbe wakati naficha wewe ulishafanya. Na kuficha kwangu ndiko kulikokupa haki ya kutoniamini. Hilo nalijua na linaniuma. Kama ni chanjo iliyoniponya mimi hasa, siwezi kuapa. Hakuna anayeweza kukuonyesha ugonjwa ambao haukutokea. Hicho ndicho kinachonichosha kuliko yote katika kazi hii, siku ikienda vizuri sina cha kumwonyesha mtu.

Bandua hicho kipande. Na Mama umsomee yote, maana sasa naelewa hukumsomea.

Dada


28 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Mama mzima. Nalitanguliza hilo kwa kuwa najua ndilo unalolitafuta. Kikohozi kimeisha, kweli lilikuwa vumbi.

Mwalimu amefariki. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Machi, ni ugonjwa huo huo. Alikaa hospitali siku sita. Suti niliyokuambia imechukuliwa, tulimzika nayo. Mama alitaka nikupigie siku ile ile. Nikamwambia nimeshakupigia.

Nitakueleza yote, na ukitaka unitukane. Mwanzoni mwa Machi alikuja kujaribu koti. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mimi nyuma yake natia pini begani, akaiona karatasi. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huu si mwandiko wa Hesabu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kama amesema yeye, basi. Nilikuwa niende kuchanjwa Alhamisi na mke wangu, lakini tutapumzika." Ukurasa wa pili ulikuwa kwenye droo ya cherehani, hatua mbili kutoka pale. Nilikuwa naujua. Sikuutoa. Niseme kweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza Mwalimu yuko upande wangu.

Kipande nimekibandua, nikabandika kurasa zote mbili, nimeziunga kwa gundi ya kola. Unajua watu wanasemaje? Wanasema nesi amepewa kitu kidogo abadilishe maneno. Nikiwaeleza wananijibu kwa maneno yangu mwenyewe, yale ya kipimo na kitambaa, tena wanayasema vizuri kuliko mimi. Mmoja ameongeza na vifungo. Nilitamani kumrushia pasi.

Mama nimemsomea barua zote, zako, na zangu kwa kadiri nilivyozikumbuka. Nilisoma hata pale uliponisema. Mama akauliza, "Kwa hiyo sasa mmekubaliana?" Nikasema ndiyo. Akasema nimtafutie viatu.

Jumatatu nikamshika mkono tukaenda. Kituo kilikuwa kitupu, benchi lote letu. Binti wa sindano, mgeni hapa, akatupokea kwa heshima, lakini akasema hawezi. Kichupa kimoja kina dozi kumi, akikifungua, zisizotumika kwa saa chache anazimwaga. Mwezi uliopita alimwaga nyingi mno mpaka akaandikiwa barua ya onyo. "Leteni watu kumi, nitafungua hapo hapo."

Nikamuuliza, "Kwani watu hawaji siku hizi?"

Akasema, "Walikuwa wanakuja. Kuna fundi nguo huko mtaani kwenu alibandika karatasi ukutani. Mnamfahamu?"

Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu. Mama ndiye aliyejibu. Alisema, "Tunamfahamu." Kisha akaniomba nimrudishe nyumbani.

Futi


8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha friji za chanjo, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli, nikalia humo mpaka mwenzangu akagonga akidhani umeme umekatika. Mwalimu ndiye aliyemshawishi Baba nisiache shule. Nawe ulikuwa unalijua hilo ulipoandika kwamba suti ilimkaa vizuri.

Siwezi kukuambia kwamba sindano ingemwokoa. Siwezi pia kukuambia kwamba isingemwokoa. Ungependa nikupe moja kati ya hayo mawili ulale, lakini sina. Utakaa na hilo, na mimi nitakaa nalo, kwa kuwa ile mistari niliiandika mimi. Ningeanza na ukurasa wa pili labda tungekuwa na habari nyingine. Hasira zangu hazijaisha, Futi. Nimechoka tu kuziandika.

Sasa tafuta hao watu kumi. Mama amekubali na kirusi kimeshafika, hakuna siku za kupoteza. Usiwahubirie. Usithubutu kuwaambia hawataugua. Waambie dada yako aliugua, tena sana, na amerudi kazini. Wakikuuliza karatasi ilikuwaje, waambie ulivyofanya.

Je, mke wa Mwalimu anajua?

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima. Mama mkono unamuuma kidogo, ila kwa jambo jema, nitakueleza.

Nilifunga duka siku nne. Nimegonga milango thelathini na mmoja, nimeihesabu. Watu ambao nimewashonea nguo za harusi walinisikiliza wakiwa wameshika mlango. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Wewe Futi?" Nikamwambia ndiyo, mimi. Nikamweleza nilivyokata na nilivyoficha. Akaacha kucheka. Akasema atakuja, lakini kwamba tangu leo maneno yangu atayachukulia nusu, na kwamba nisione vibaya. Wengi hawakusema hata hilo. Walisema wana kazi. Mmoja alisema dada yako akiugua na chanjo na asiyechanjwa akiugua, tofauti iko wapi, nikamwambia tofauti iko ukurasa wa pili, akasema hana miwani.

Jumamosi asubuhi tukawa tisa. Mama, mimi, wifi yako, kinyozi na mkewe, muuza mkaa, dada wawili wa saluni, na yule jirani wa oveloki ambaye nadhani alikuja kuhakikisha simkimbii na mashine yake. Yule binti akahesabu, akahesabu tena. Akasema anasubiri mpaka saa sita, kisha anafunga. Kila mtu akamtazama mwenzake, halafu wote wakanitazama mimi.

Uliuliza kama mke wa Mwalimu anajua. Alikuwa hajui. Nyumba yake imepakana na ya kinyozi, na mlango wake niliuruka siku zote nne.

Nikaenda. Alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Nilimwamkia nikamwambia nikiwa nimesimama hapo hapo, kabla hajanikaribisha, kwa kuwa nilijua nikikaa nitakunywa chai nisiseme. Nilimweleza yote, Alhamisi ile, na droo, na kwamba nilifurahi. Alikuwa ameshika shati la marehemu. Hakuliweka chini wala hakunikatiza.

Nilipomaliza akauliza, "Karatasi iliyobaki ilisema nini?"

Ukurasa wa pili nilikuwa nimeubandua ukutani niwe nao mfukoni kwa ajili ya watu kama yule asiye na miwani. Nikampa. Aliusoma polepole kwa sauti ndogo, mpaka pale ulipoandika "sisemi wote, nasema wengi". Hapo alirudia. Akasema, "Kumbe ilikuwa na mwisho." Akakunja karatasi akaitia ndani ya mkoba, akafunga mlango, akatangulia mbele yangu mpaka kituoni bila kugeuka.

Kichupa kilifunguliwa saa sita kasoro dakika kumi. Mama alikuwa wa kwanza, alifumba macho akaniambia nisimshike. Mimi nilikuwa wa tisa. Mke wa Mwalimu alikuwa wa kumi. Alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akachomwa, akakaa kwenye benchi muda wote walioutaka, akasaidiwa na Mama kuinuka, wakaondoka pamoja. Ukurasa wako hakunirudishia, na mimi sikuuomba.

Kila asubuhi nikienda kufungua duka nampita pale mlangoni kwake. Namwamkia. Haitikii.

Mdogo wako,
Futi